Tuwatoe dagaa kwenye chakula cha sato

Nianze na hesabu manake watu wengi hawajawahi kuipiga. Mfugaji anayejichanganyia chakula cha sato nyumbani mara nyingi anaweka dagaa wa kusaga kama asilimia 30, kinachobaki ni pumba, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) na premiksi kidogo, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini. Sato wake ili aongezeke kilo moja anakula kama kilo 1.7 ya chakula, na hapo nimekadiria vizuri, kuna wanaofika kilo 2 na kupita. Asilimia 30 ya kilo 1.7 ni nusu kilo ya dagaa wakavu. Dagaa mbichi robo tatu ya uzito wake ni maji, kwahiyo kilo moja ya wakavu inatoka kwenye kama kilo tatu na nusu za wabichi. Piga mwenyewe: karibu kilo 1.8 za dagaa wametolewa ziwani ili tupate kilo moja ya sato, alafu huyo sato ana kichwa, magamba na miba tunayoacha pembeni ya sahani wakati dagaa unamla wote, kichwa na mfupa.

Sasa kila mkutano wa uvuvi tunaambiwa ufugaji wa samaki utapunguza presha ziwani. Kwa mchanganyiko huo haupunguzi kitu, unahamisha tu samaki kutoka kwenye sufuria ya mtu wa kipato cha chini kwenda kwenye kizimba, yaani uzio wa nyavu wa kufugia samaki ziwani, anatoka amekuwa sato wa mtu mwenye hela. Hilo ndo linaloniuma na ndo sababu nimekaa kuandika yote haya.

Kwa wasiomjua vizuri huyu dagaa wa Ziwa Victoria, Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene, ni samaki mdogo wa urefu wa kidole na ndiye anabeba zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwa hili. Sangara ndiye anapanda ndege kwenda Ulaya na ndiye anayepigwa picha, ila anayelisha watu ni dagaa. Kwasababu analiwa mzima anakupa kalsiamu, chuma, zinki, vitamini A na B12, vitu ambavyo mtoto wa miaka miwili anavihitaji kuliko kitu chochote. Na nchi yetu Tanzania kwa takwimu za utafiti wa afya wa 2022 ina watoto asilimia 30 chini ya miaka mitano waliodumaa. Watatu kati ya kumi. Nchi yenye hali hiyo inasaga dagaa kulisha sato na kuku.

Ukifika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, unaona jinsi mambo yanavyoamuliwa. Mnunuzi mzoefu anazamisha mkono kwenye gunia mpaka chini kabisa, anatoa konzi, anaangalia rangi, ananusa, alafu anaangalia kiganjani kumebaki mchanga kiasi gani. Dagaa anayeng'aa kama fedha, mkavu, asiye na mchanga, huyo ni wa kula, anapakiwa kwenda mikoani, Congo, Rwanda, Burundi. Dagaa aliyegeuka kahawia, anayenuka mafuta yaliyochacha, aliyenyeshewa akiwa ameanikwa, huyo anaitwa wa kuku na bei yake inashuka. Kwahiyo sehemu kubwa ya dagaa wanaoishia kwenye chakula cha mifugo hawakuvuliwa kwa ajili ya mifugo, waliharibikia mchangani walipoanikwa. Hili tulishike vizuri, nitalirudia mbele.

Alafu kuna suala la mwezi. Dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, mbalamwezi ikikolea taa hazimvuti tena na wavuvi wanapumzika. Maana yake mzigo unapungua na bei inapanda kila mwezi kwa ratiba ya angani. Mfugaji aliyepanga bajeti ya chakula kwa dagaa anajikuta anapunguza kipimo katikati, samaki wanadumaa, au ananunua mzigo mchafu wenye mchanga. Na mchanga huo ukisagwa unakula vyuma vya mashine na unaingia kwenye chakula, mtu ananunua mchanga kwa bei ya protini. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika nalo upande wetu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kufunga ni jambo sahihi kabisa, ila biashara ya ufugaji ikiegemea dagaa basi kila hatua ya kuokoa ziwa inakuwa pigo kwa mfugaji.

Na hili haliko kwetu tu. Peru ndo wenye unga wa samaki mwingi kuliko wote duniani, wanausaga kutoka anchoveta, na mwaka 2023 msimu wa kwanza wa uvuvi ulifutwa baada ya kukuta samaki wachanga wengi mno, bei ya unga wa samaki ikapaa dunia nzima. Senegal, Gambia na Mauritania viwanda vya unga wa samaki vilipoota kando ya bahari wanawake waliokuwa wanakausha na kufukiza samaki wakakuta mzigo unanunuliwa kwenye mtumbwi kabla hawajafika. Unga wenyewe unakwenda kulisha samaki wa mabara mengine. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema mwaka 2022 ndo mara ya kwanza viumbe wa majini waliofugwa, tani milioni 94.4, waliwapita waliovuliwa. Kwahiyo swali la wanakula nini si la wataalam wa lishe peke yao tena.

Tuje sasa kwenye hoja yenyewe. Nani alisema sato lazima ale samaki?

Sato ana utumbo mrefu mara kadhaa ya mwili wake, utumbo wa kula majani. Ziwani anakula mwani, uozo wa chini na vijidudu. Si sangara huyu. Anachohitaji ni amino asidi, zile chembe ndogo zinazojenga protini, zikae kwa uwiano wake, na mwili wake haujui kama lisini, moja ya hizo amino asidi, imetoka kwa dagaa, soya au funza. Kambare ni mlaji nyama zaidi na anataka protini ya juu, lakini hata yeye si mchaguzi kihivyo. Tulizoea dagaa kwasababu alikuwa karibu, rahisi, na amino asidi zake zimejipanga zenyewe bila mtu kuumiza kichwa, unasaga unachanganya basi.

Anayebisha aangalie Norway. Salmoni ni mla samaki hasa, meno na utumbo mfupi, na mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula chake kilitokana na samaki wa baharini, unga na mafuta. Kufika 2020 imeshuka mpaka kama asilimia 22 na salmoni wanakua kama kawaida. Nafasi imejazwa na soya, ngano, mafuta ya rapa na mengineyo. Kama mla nyama wa baharini ametolewa kwenye samaki kwa kiwango hicho, sato mla mwani anashindwa nini?

Lakini tusiige kichwa kichwa. Soya ya Norway nyingi imetoka Brazil na wamepigwa kelele miaka mingi kuhusu misitu. Na kwa Afrika mfano wa kuangalia ni Misri, hawa ndo wakubwa wa sato barani, na chakula chao kimejengwa juu ya soya na mahindi, vingi vinatoka nje. Oktoba 2022 dola zilipokauka mizigo ya soya na mahindi ikakwama bandarini, wafugaji wa kuku wakafika hatua ya kuua vifaranga kwasababu hamna cha kuwalisha. Waliongea sana habari ya kuku ila gunia la soya ni lilelile. Ukiwatoa samaki kwenye dagaa ukawaweka kwenye meli ya soya umebadilisha tu mahali pa kukwama. Mbadala wa maana kwetu ni ule unaopatikana ndani ya umbali wa fuso.

Na upo, tena karibu. Kanda ya Ziwa yenyewe, Shinyanga, Simiyu, Mwanza, ni nchi ya pamba, viwanda vya kukamua mbegu vinatoa mashudu. Singida na Dodoma ni alizeti. Ruvuma inatoa soya, ambayo tangu 2020 China imetufungulia soko, ni habari njema kwa mkulima ila ujue mnunuzi wa bei nzuri akiwa nje mfugaji wa samaki wa Sengerema atasikia maumivu. Mashudu ya alizeti nayo yanavuka kwenda Kenya na India kwa malori na makontena. Tunauza protini kama takataka ya kiwanda cha mafuta alafu tunanunua chakula cha samaki cha mifuko kutoka nje. Sijui kama kuna wizara inayokaa ikaziweka hizo hesabu mbili kwenye karatasi moja, ningefurahi sana kuona.

Ila mashudu yana matatizo yake na wanaoyasifia bila kusema matatizo wanawaumiza wafugaji. Alizeti ikikamuliwa na maganda yake kwenye mashine ndogo za mtaani, mashudu yake protini inakuwa chini ya asilimia 30 na nyuzinyuzi kibao, samaki anakula anashiba maganda. Yakitolewa maganda kwanza protini inaweza kupita 35, chakula tofauti kabisa, ingawa jina sokoni ni mashudu tu na bei inakaribiana. Lisini yake ni ndogo. Mashudu ya pamba protini iko juu zaidi lakini yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, unaweka kiasi hauweki nusu ya mchanganyiko. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia samaki asimeng'enye protini, lazima ipikwe au ikaangwe sawasawa, na kuna watu wanasaga soya mbichi wanawapa samaki alafu wanasema soya haifai. Kubwa kuliko yote ni sumukuvu. Mashudu yaliyolowa yakakaa ghalani yanaota ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, kwa samaki inaanzia kwenye ini na mfugaji anaona tu samaki hawakui bila kujua kwanini. Kwahiyo ghala kavu ni sehemu ya protini mbadala kama lilivyo shamba.

Sasa funza, manake najua wengi mmekuja kwa ajili yao.

Funza lishe ni watoto wa yule nzi mweusi mrefu mrefu anayefahamika kama BSF (black soldier fly). Si nzi wa chooni na wala hasumbui vyombo vyako, akiwa mkubwa karibu hali kitu, kazi yake ni kupandana, kutaga mayai mia kadhaa kwenye nyufa za mbao na kufa. Anayekula ni funza, na anakula balaa: maganda ya ndizi, maembe yaliyooza, mabaki ya hoteli, matumbo ya samaki. Ndani ya kama wiki mbili yai limekuwa funza mnene wa kuvuna, akikaushwa ana protini kama asilimia 40 na ushee na mafuta kama 30. Taka zinapungua zaidi ya nusu na kinachobaki ni mbolea. Na sisi tuna kitu ambacho Ulaya hawana, joto la bure. Huyu mdudu anataka nyuzi 27 mpaka 30 hivi, wenzetu wanalipia umeme kupasha jengo zima, sisi Mwanza tunahitaji kivuli na wavu.

Kwenye hili Afrika Mashariki hatuko nyuma na napenda tujue hivyo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Nairobi wamefanyia kazi wadudu wa chakula cha mifugo miaka mingi, Limuru kuna kampuni ya InsectiPro, na kampuni ya Sanergy walianza na kinyesi cha vyoo vya mitaa ya Mukuru wakafika kwenye funza. KEBS, shirika la viwango la Kenya, walitoa viwango vya wadudu wakavu kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017, mwaka huohuo Umoja wa Ulaya nao ukaruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki.

Pamoja na hayo, nina mashaka na namna funza anavyouzwa kwa maneno. Kwanza hesabu ya chakula chake. Mradi ukianza na taka za soko la Mabibo au Buguruni uko sawa, lakini taka zina maji mengi, zinataka usafiri kila siku, zinaingia na mifuko ya plastiki na betri, kwahiyo baada ya muda unakuta mzalishaji amehamia kwenye pumba za mahindi kwasababu ni safi na funza wanakua sawa wote. Hapo mantiki yote imevunjika! Pumba ile kuku angeila mwenyewe, sato pia angeila, sasa unampitishia mdudu, nusu na zaidi inapotea njiani alafu unamwuzia mfugaji kwa bei ya juu. Funza ana maana akila kile ambacho hakuna mnyama wetu mwingine anakila. Akila chakula cha kuku ni mshindani tu kama dagaa.

Pili ni mafuta. Wafugaji wa vizimba wanahitaji chakula cha kuelea ili waone samaki wanakula kiasi gani, kinachozama kinapita kwenye nyavu kinaenda chini ya ziwa na hela yako. Chembe ya chakula hicho inaelea kwasababu mashine inaipika kwa mvuke na mgandamizo, ikitoka inavimba na kujaa vipovu vya hewa. Ukiweka mafuta mengi kwenye unga ule unateleza ndani ya mashine, haushikani, hauvimbi, chembe zinazama. Kwahiyo funza mzima wa kusaga hawezi kuwa sehemu kubwa ya chakula cha kuelea, lazima akamuliwe mafuta kwanza, na akikamuliwa protini inapanda mpaka 55 au 60 na hapo ndo anakuwa mshindani halisi wa dagaa. Kukamua ni mashine, mashine ni mtaji. Mfugaji wa bwawa dogo la kambare huko Morogoro yeye anaweza kurusha funza wabichi asubuhi na kambare wakafurahi, hiyo inafanya kazi kabisa na asisubiri mtu, ila tusichanganye bwawa la nyuma ya nyumba na vizimba vya tani mia.

Tatu ni hela za wawekezaji. Ulaya mabilioni yamemwagwa kwenye wadudu, kampuni ya Ÿnsect ya Ufaransa ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola na Septemba 2024 ikaenda mahakamani kuomba ilindwe dhidi ya wanaoidai. Walijenga kiwanda kikubwa cha teknolojia ya juu kabla ya kuwa na bei inayoweza kushindana na soya. Kwetu naona njia ni kinyume chake, vituo vingi vidogo karibu na masoko na kiwanda kimoja cha kukamua kinachonunua funza wakavu kutoka kwao, kama maziwa yanavyokusanywa.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wanakiona kibaya kukisema, damu. Machinjio zetu zinamwaga damu kwenye mifereji kila alfajiri. Ikichemshwa, ikakaushwa taratibu na kusagwa inatoa unga wenye protini asilimia 80 na kitu, na lisini nyingi sana, kile hasa ambacho mashudu ya alizeti yanakosa. Ukiunguza moto mkali lisini inaharibika, na ina upungufu wake wa amino asidi nyingine kwahiyo haizidi asilimia 5 hivi, ila asilimia 5 hiyo inabeba mzigo mkubwa. Lakini Waislamu wengi wanaona damu ni najisi, na mlaji wa Pwani au Visiwani akijua samaki kalishwa damu anaweza asimguse, na ana haki ya kujua. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya mnyama aliyelishwa najisi na muda wa kumlisha chakula safi kabla ya kuliwa, waulizwe wao mapema, si kiwanda kijiamulie kimyakimya alafu habari ivuje. Mfuko uandike kuna damu au hakuna. Kwa Zanzibar na Tanga mimi ningeacha kabisa damu ningeenda kwa mwatiko, samaki wa maji chumvi anayekula mwani wa chini ya bwawa, mbolea kidogo ukiweka chakula kinaota chenyewe. Wakati mwingine jibu la protini mbadala ni kuchagua samaki asiyedai protini nyingi.

Ukiangalia yote hayo, hakuna kiungo kimoja kinachoziba pengo la dagaa peke yake. Alizeti inakosa lisini, damu inayo. Soya ina upungufu wa methionini, amino asidi nyingine, funza na lisini na methionini za kiwandani zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo zinajazia. Ni mchanganyiko, na mchanganyiko unahitaji vipimo, na hapo ndo mahali tulipolala.

Mfuko wa chakula cha samaki Tanzania unaandikwa protini asilimia 30 au 35 na mfugaji analinganisha namba hiyo tu. Namba hiyo inapatikana hivi: maabara inapima naitrojeni, inazidisha mara 6.25, jibu linaitwa protini. Haijui naitrojeni imetoka wapi. Kwa funza sehemu ya naitrojeni iko kwenye kaitini, lile ganda lake, kwahiyo protini halisi ni pungufu ya iliyoandikwa, wanasayansi waliopima wamependekeza kuzidisha na 4.76 badala ya 6.25, hiyo ni karibu robo nzima imepotea kwenye karatasi. Kwa mjanja kuna mbaya zaidi, mtu akitia urea naitrojeni inapanda na cheti kinatoka kizuri. Mwaka 2008 China walitumia melamini kwa ujanja huohuo kwenye maziwa ya watoto, watoto sita wakafa na karibu laki tatu wakaugua. Kwahiyo ninaposema TBS, shirika letu la viwango, na wenzao KEBS na wa Uganda walazimishe mfuko uandike lisini, methionini na kiasi kinachomeng'enyeka, siombi urembo. Bila hizo namba mfugaji anarudi kwa dagaa kila siku, na yuko sahihi, manake dagaa anamwona kwa macho na anamnusa, mfuko hauna cha kumwonyesha.

Kenya walishapita hapa. Mwaka 2009 serikali yao ilichimba mabwawa 200 kwa kila jimbo, majimbo 140, vifaranga wa bure na chakula cha kuanzia. Samaki wakapatikana kweli. Ruzuku ilipoisha mfugaji akakutana na bei ya chakula, ambacho kinakula nusu mpaka asilimia 70 ya gharama zote za ufugaji, na mabwawa mengi yakabaki matete na vyura. Sisi Januari 2024 Rais Samia alikabidhi boti na vizimba pale Mwanza kwa mikopo nafuu, na nimefurahi kwa vijana waliopata. Lakini kizimba ni chuma na nyavu, mkopo wa kizimba bila mpango wa chakula unalipwa kwa shida. Natamani kila mkopo wa vizimba uende na mkopo wa mtu wa mashudu yaliyotolewa maganda, wa funza, wa ghala, wa ile mashine ya chembe za kuelea, humohumo Kanda ya Ziwa.

Mahali ambapo nakubali dagaa abaki ni kwa vifaranga. Sato wa gramu moja mbili anataka protini asilimia 40 na zaidi, tumbo lake dogo, kosa dogo la mchanganyiko linamdumaza maisha yake yote. Anakula kidogo sana lakini. Dagaa kidogo kwenye chakula cha wiki za mwanzo haviumizi ziwa wala sufuria ya mtu, wanaopigania asilimia sifuri kwa kila hatua naona wanatafuta sifa kuliko matokeo.

Na ile habari ya mchanga niliyosema nitairudia. Dagaa walioharibika wakati wa masika ni rahisi kiasi kwamba funza yeyote, mashudu yoyote, yatashindwa kwa bei kwenye miezi hiyo. Ukitaka mbadala ushinde lazima dagaa wabovu wapungue, na wanapungua kwa vichanja, zile meza za nyavu zilizoinuliwa, mvua ikinyesha unafunika turubai, dagaa anapigwa upepo juu na chini, anakauka haraka bila mchanga na anauzwa kama wa kula. Mama anayeanika Ukerewe au Muleba akipata kichanja na turubai mzigo wake unatoka kundi la kuku unaingia kundi la watu, anapata hela nzuri zaidi, na mtengeneza chakula cha samaki siku hiyohiyo anakosa dagaa wa bei ya kutupa, anaanza kupiga simu Singida. Vichanja ni nyavu, miti na misumari. Viwekwe kwenye bajeti ileile ya vizimba, na viende kwanza kwa wanawake wa kwenye mialo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ambao ndo wenye kazi hii, kabla masika mengine hayajafika.